Komeo la Saa Nne

Fundi kufuli yule mtaani walimwita Bwana Komeo, na jina hilo halikumkera, maana lilimletea wateja. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amechonga funguo, amebadilisha vitasa na kuwaokoa watu waliojifungia nje. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa komeo la mlango wa nyumba yake mwenyewe: chuma kinene kinachopigwa kutoka ndani na kuzama ukutani, bila tundu lolote la ufunguo upande wa nje. "Lile," aliwaambia wateja, "hata mimi nikiwa nje siliwezi."

Komeo lilipigwa saa nne kamili usiku. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje shauri yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya watu watatu tu: yeye, mama yake mzazi ambaye masikio yalishamgomea, na binti yake wa miaka kumi na sita. Mkewe alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, huko mbali, na alirudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo malezi yote yalikuwa juu ya Bwana Komeo, na kwa maoni yake alikuwa ameyaweza barabara. Wazazi wa siku hizi ndio walimchosha! Kibandani kwake wimbo ulikuwa huo huo kutwa nzima, tupa mkononi: watoto wanazurura usiku kama hawana kwao, na wa kuwekwa ndani ni wazazi. Mteja aliitikia kwa kichwa, afanyeje, na ufunguo wake bado umebanwa kwenye jiliwa.

Basi mwezi uliopita polisi wa doria walimkuta binti wa nani vile kwenye kituo cha mafuta, saa sita usiku? Wa Bwana Komeo. Alifoka siku mbili mfululizo. Aliuliza kila kitu isipokuwa kilichotokea. Mkewe naye alimpa vidonge vyake kwa simu: "Akikamatwa tena, nakuja kumchukua. Bora nikae naye huku huku kambini." Bwana Komeo alijibu kwa ukali, kisha hakupata usingizi. Mtoto huyo ndiye aliyemshikia tochi kazini tangu ana miaka sita. Nyumba bila yeye asingeiweza.

Na sasa, saa sita kasorobo, simu ya polisi ikaita tena.

Alivaa shati kinyume. Akamwamsha mama yake, akampigia kelele sikioni: "Mama! Njoo upige komeo nyuma yangu! Usiache wazi hata dakika moja!" Bibi akapiga, naye akauvuta mlango mara tatu kutoka nje kuhakikisha.

Kwenye kituo cha polisi, afande wa kike alikuwa nyuma ya meza na binti kwenye benchi, amejikunyata.

"Mzee, wewe ndiye mzazi?"

"Ndiye mimi, afande, na nimechoka! Kwangu mlango unafungwa saa nne kamili. Uliza mtaa mzima."

Afande akaweka kalamu chini. "Sawa. Ukiufunga, huyu anakuwa ndani au nje?"

Kusema kweli, Bwana Komeo hakujua. Kila usiku alikagua komeo kama alivyowafundisha wateja. Kitanda cha mtoto hakuwahi kukikagua. Mlango wa chumba ukiwa umefungwa, yeye alihesabu kwamba mtu amelala.

Akatia saini karatasi isemayo kwamba mara ya tatu wataonana mahakamani, na mshtakiwa atakuwa mzazi. Njia nzima alifoka. "Unanidhalilisha! Mama yako akija nitamwambia nini? Eti?" Binti alitembea hatua mbili nyuma yake.

Wakafika. Mlango umepigwa komeo.

Aligonga, akaita, akagonga kwa ngumi. Akaokota waya uani, akauchomeka penye ufa, akautupa kwa hasira. Nani alimtuma kufanya kazi nzuri namna ile?

"Usigonge sana, baba," binti akasema taratibu. "Bibi hasikii. Wanaoamka ni majirani, halafu wanatukana."

"Wewe umejuaje?"

Binti alizunguka nyuma ya tangi la maji, akarudi na kipande cha katoni kilicholainika kwa kukaliwa. Akakitandika kwenye ngazi. "Kaa upande huu. Ule mwingine una upepo."

Bwana Komeo akakaa. Katoni ilimtosha mtu mmoja.

"Umelala hapa mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi. Nikichelewa tu. Alfajiri bibi akitoka uani, naingia kimya kimya."

"Unachelewa kiasi gani?"

"Leo dakika tano. Stori zilinoga kwa rafiki yangu. Nilikuwa hapa mlangoni, nikakusikia ukilivuta komeo kwa ndani. Mara tatu."

"Sasa mbona hukuniita, mwanangu?"

"Ulisema aliyechelewa akalale alikotoka. Nikiogopa giza naenda kituo cha mafuta. Kule kuna taa."

Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, tele, ila sasa hakuwa na mtu wa kumpa. Akavua shati, akamfunika binti. Walikaa hivyo hadi saa kumi na moja, bibi alipofungua mlango na kuwagombeza kwa nini hawakugonga.

Bwana Komeo aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye begi la kazi, akatoa bisibisi. "Nishikie tochi," akamwambia binti. Komeo lilitoka kwa shida. Skrubu nane, na zote alikuwa amezikaza mwenyewe. Kisha akampigia mkewe kabla ujasiri haujamtoka.

"Amekamatwa tena," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemfungia nje. Ukitaka kumchukua, njoo. Sina neno."

Mkewe akauliza: "Umemfungia mara ngapi?"

Akampa binti simu, maana yeye idadi hakuijua. Binti alimtazama baba yake, amekaa sakafuni kifua wazi, chuma kimelala mapajani.

"Mara mbili tu, mama," alisema. "Usije. Mlango tumeshautengeneza."

Bwana Komeo, aliyezoea kufoka kwa kila uongo, aliinamisha kichwa na kuanza kuokota skrubu.