Mdahalo Niliotafsiri Pale Manika

Niliporudi Kolwezi, mji wetu wa migodi nchini Kongo, na diploma yangu ya ufundi wa umeme, watu wa mtaa wetu wa Manika walisema sitamaliza hata mwezi. Fundi viatu wa pale kona alisema mtu aliyekaa miaka sita Ubelgiji hawezi tena kula bukari, ugali wetu, bila kuumwa tumbo. Mke wa mjomba wangu alisema nitaishia kuwa mlevi mwenye diploma, kama wengine aliowajua. Nilipotangaza kwamba nitajenga ukumbi wa televisheni wenye viti mia mbili na skrini ya ukubwa wa ukuta, walicheka mpaka nikakizoea kicheko chao.

Niliujenga. Nasema hivyo bila aibu. Nyaya zote nilivuta mwenyewe, na umeme ulipokatika mtaa mzima, ukumbi wangu ulibaki unawaka. Jenereta niliifunga kwa mikono yangu, na mpaka leo sijaona fundi katika mkoa mzima wa Lualaba ambaye angeifunga vizuri zaidi. Walionikopesha walikuwa watatu tu: muuza saruji, akina mama wa likelemba ya parokia, waliokuwa wakichangiana pesa kwa zamu, na mzee mmoja jirani yetu.

Mzee huyo ndiye aliyenipa pesa za jenereta. Alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya migodi hadi alipostaafu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai hajawahi kuiona. Aliponikabidhi malipo yake ya mwisho ya kazi hakutaka karatasi yoyote.

"Ukifaulu, utanirudishia," alisema. "Ukishindwa, nitakuya kuangalia mupira bure mpaka nikufe."

Kila Jumapili baada ya misa alikaa mstari wa mbele. Vijana waliotoka kuchimba kwenye mgodi wa Mashamba, vumbi likiwa bado nyuma ya masikio, walikuwa wakimtania.

"Tata Mukasai, kiatu inangaa vile, unaenda kuoa tena?"

"Naenda kuoa dada yako. Alisema kwenu hakuna mwanaume anavalaka kiatu."

Ukumbi ulicheka, naye akacheka kuwapita wote. Ndivyo tulivyoishi, wenye asili ya Kasai na wenyeji wa hapa Katanga, kwa utani ambao haukumpunguzia mtu kitu.

Mwaka wa uchaguzi, televisheni ikatangaza mdahalo wa viongozi wawili wa vyama vinavyopingana, Jumapili alasiri. Wangezungumza Kifaransa, na wachimbaji wengi hawakukaa shuleni vya kutosha kukifuata. Nikabandika karatasi mlangoni: mwenye diploma atatafsiri. Nilivaa suti, nikasimama kando ya skrini na mikrofoni. Viti vyote vilijaa, na wengine walisimama ukutani hadi nje.

Watazamaji waliwabatiza wale wakubwa papo hapo. Mmoja akawa Tata Miwani, mwingine Tata Tai. Miwani alipoahidi barabara, nikatafsiri, na mama mmoja muuza samaki akamshika mwanawe begani.

"Ile barabara, alituahidi mi niko na mimba ya huyu. Sasa huyu anatafuta bibi ya kuoa."

Tai alipokunywa maji, mtu wa nyuma akasema, "Angalieni, anakunywa ya chupa. Ya bomba yetu anaiogopa."

Kwa nusu saa nilikuwa mfalme. Kisha wakubwa wakaingia kwenye kodi, ibara za sheria, asilimia za hili na lile. Nilitafsiri kila kitu sawasawa, na ukumbi ukaanza kusinzia. Watu wakapiga miayo. Viti vya nyuma vikasogezwa.

"Diplômé, unatutafsiria ao unatufundisha?" kijana mmoja aliuliza. "Mi naenda kununua bia. Bakianza kupigana, mutaniita."

Walicheka, na safari hii walinicheka mimi. Kilikuwa kicheko kile kile cha fundi viatu.

Hapo Tai akasema kwamba sheria ya kuajiri migodini itazamwe upya, ili vijana waliozaliwa karibu na migodi wafikiriwe kwanza. Hakusema zaidi ya hayo. Mimi nikainua mikrofoni nikasema, "Anasema kazi ni ya bana Katanga. Bale ba Kasai bote barudie kwabo."

Ukumbi ukasimama. Wengine walipiga makofi, wengine walimtukana Tai kana kwamba anawasikia. Aliyekwenda kununua bia akarudi mbio mikono mitupu. "Aseme tena, aseme tena," walidai. Yule kijana aliyezoea kumtania mzee akamgeukia.

"Tata, umesikia? Kamata kiatu yako."

Mdomo ulikuwa ule ule wa kila Jumapili, lakini hakuna aliyecheka. Mzee alijua Kifaransa kuliko mimi. Alikuwa akiandika barua za ghala kabla sijazaliwa. Hakuitazama skrini. Alinitazama mimi. Angeweza kusimama na kunisahihisha mbele ya watu mia mbili. Hakufanya hivyo. Mdahalo ulipokwisha alinipa mkono kama kawaida, akaenda zake.

Asubuhi alinikuta nikipanga viti.

"Mwanangu, ile neno, ule mukubwa hakuisema."

"Tata, mutu akitafsiri, anatafutaka maana ya ndani."

"Mi nilisomaka barua za Bazungu miaka makumi tatu. Maana ya ndani ninaijua." Akanisaidia kusogeza kiti kimoja. "Sikukuya kugombana. Jumapili, mbele ya mupira kuanza, kamata mikro, useme neno ile ilikuwa yako. Ni ile tu nakuomba."

Nikamwahidi.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa tena, maana sifa yangu ilikuwa imeenea. Vijana waliniita "Ministre", yaani waziri. Nilishika mikrofoni, nikafungua mdomo, nikatangaza bei ya vinywaji. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Mtu aliyevuka bahari akarudi na diploma, niliwaza, hawezi kusimama mbele ya wachimbaji na kusema alidanganya.

Neno langu nalo lilikuwa likitembea mjini kama neno la kiongozi mwenyewe. Sokoni, wateja walianza kuipita meza ya mikate ya mke wa mzee. Kisha asubuhi moja mzee na mkewe wakakuta neno la Kifaransa limeandikwa kwa makaa kwenye lango lao: GARE, stesheni.

Kila mtu wa Kolwezi wa umri wa mzee alilielewa. Zamani, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia zililala wiki nyingi kwenye stesheni zikingoja treni. Mzee alikuwa miongoni mwao, na alimzika mtoto wake wa kwanza karibu na reli kabla hali haijatulia na wao kurudi nyumbani. Sasa alilisugua lile neno mwenyewe kwa sabuni. Siku tatu baadaye likaandikwa tena, kubwa zaidi.

Nilikimbia kwake. Nilimkuta akifunga godoro kwa kamba.

"Tata, Jumapili hii nasema. Naapa."

"Sema, ni muzuri," alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini mama hawezi tena kulala mu hii nyumba."

Binti yao alikuwa ameolewa Lubudi. Walikwenda huko juu ya lori la mizigo, ingawa treni ingekuwa nafuu.

Nilisema, mwishowe. Jumapili hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na watu waliofika hawakujaza hata mstari wa mbele. Nilizima skrini, nikawaambia kwamba neno la Bakasai kurudi kwabo niliongeza mimi.

"Tulishasahau, diplômé," mmoja akasema. "Tutilie mupira."

Mwingine akauliza, "Sasa ule mukubwa alisema nini?"

Nikamweleza.

"Ile tu?" akasema, akarudia karanga zake.

Kiangazi kilichofuata niliwalipa wote walionikopesha kwa siku moja. Muuza saruji nilimlipa mchana kweupe, fundi viatu akitazama, na nilihakikisha anatazama. Akina mama wa parokia walinipigia vigelegele. Kisha nikapanda gari hadi Lubudi na bahasha iliyobaki. Njiani niliwaza kubakiza noti chache, ili niwe na sababu ya kurudi kwake.

Mzee alikuwa uani, akipukuchua mahindi na mkewe. Nikampa bahasha, nikamwambia kwamba nilitimiza alichoniomba.

"Mbele ya batu ngapi?"

"Kumi na moya, tata."

Akafuta mikono, akaanza kuhesabu, taratibu, kama mtunza ghala. Mkewe aliendelea na mahindi. Nilikuwa nimeziweka zote. Sikutaka aseme kwamba zimepungua.

"Yote iko," alisema mzee, akaniuliza kama nilikuwa tayari nimepata gari la kunirudisha.