Ubongo wa Ng'ombe Kila Siku ya Posho

Ndugu zangu wa shirika la kanisa, mama zangu wa hapa mtaani Panda, mkae vizuri, kwa sababu nitasema polepole. Zamani nilisema haraka mpaka bibi yangu wa ndoa alinivuta shati mbele ya watu. Leo maneno yanatoka moja moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja. Mkiniona nimesimama katikati, msinisaidie. Ninalitafuta neno, litakuja.

Minye, mimi mnayeniona, ni fundi wa mabomba. Miaka mingi nilifanya kazi kiwandani: kufungua bomba, kulisafisha, kulifunga tena. Nilikuwa mnene, tumbo mbele, shingo nene, na nilijivuna sana. Watu walinipita wakisema, "Aka! Baba Ilunga, kompani inakulisha!" Nami napiga tumbo, tunacheka. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, nilipeleka nyumbani unga, nyama na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na Mama Ilunga, bibi yangu, alipika mpaka mafuta yakaelea juu ya mchuzi. Yasipoelea, nilimuuliza kama nyumbani kuna kilio.

Mwili ulinionya. Asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita, spana ilinidondoka mkononi. Vidole vya kuume vilikufa ganzi, kisha baada ya muda mfupi vikarudi. Nilisema ni baridi hiyo, nikawasha sigara.

Haukupita mwezi. Jumapili, tumetoka misa, tuko mezani. Nikakata tonge la bukari, ugali wetu, likaanguka. Nikakata lingine, likaanguka. Mama Ilunga akacheka: "Baba Ilunga, acha michezo, weye si mutoto." Nilitaka kumjibu. Mdomo ukateremka upande mmoja, mate yakatoka, na nikasikia suruali inalowa. Ndipo akapiga kelele: "Yesu wangu! Batu, mukuye!" Majirani wakaja mbio, wakanibeba kwa kamioneti, gari dogo la mizigo, mpaka hospitali.

Daktari alisema mshipa umeziba kichwani, na sehemu ya ubongo imekosa damu. Mkono wa kuume na mguu wake vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyelala kando yangu. Lakini kilichoniliza ni mdomo. Maneno yote yalikimbia, likabaki moja tu: bomba. Nataka maji, nasema bomba. Nataka kukojoa, bomba. Mama Ilunga anauliza kama nimelala vizuri, bomba. Nilijua kabisa kwamba ninakosea, ndiyo maana nilipiga kitanda kwa ngumi ya kushoto. Yeye alinifuta machozi akasema, "Bon, sawa. Bomba. Minasikia."

Tuliporudi nyumbani, hakuwa na wazo lingine ila ubongo. Ubongo wa bwana wake umeumia. Majirani wakamwambia, tena kwa roho nzuri, "Kama bongo njo inagonjwa, umupatie bongo akule." Basi kila siku ya posho alienda kwa miguu mpaka soko la Kikula, akamsubiri muuza nyama, akarudi na ubongo wa ng'ombe umefungwa kwenye jani la mgomba. Aliukaanga kwa vitunguu na mafuta mengi, akanilisha kwa mkono wake, kipande kwa kipande. Yeye mwenyewe alikula mboga za majani tu. Na Mungu anisamehe, ule ubongo ulikuwa mtamu!

Miezi ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja kichwa kikazunguka, na mkono uliokuwa umeanza kusogea ukalala tena. Tukarudi kwa daktari. Akanitoa damu kabla sijala, akaiacha itulie kwenye kichupa, halafu akatuita tuitazame. Chini ilikuwa nyekundu. Juu, mahali panapotakiwa maji ya njano, palikuwa peupe kama maziwa.

"Mama," akasema, "munakulaka nini ku nyumba?"

Mama Ilunga akaeleza yote kwa furaha, soko, vitunguu, mafuta, mpaka na jani la mgomba. Daktari akaweka kichupa mezani polepole.

"Mama, sikia muzuri. Ubongo wa muntu wenyewe uko na mafuta mingi, na ile ya bwana yako iko pale Mungu aliiweka. Lakini ubongo wa ng'ombe haupande ku kichwa. Unaenda mu tumbo, mafuta yake inaingia mu damu, inakamata ndani ya mishipa, kidogo kidogo. Siku moja njia inafungika. Na tena iko tension, ile presha ya damu, iko sigara. Si chakula peke yake."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nimekata mabomba mengi maishani mwangu: nje chuma kizima, ndani ukoko umebakiza tundu la kupitisha kidole. Lakini Mama Ilunga hakusikia tension, hakusikia sigara. Njiani akasimama, akasema, "Kumbe ni minye njo nilikuwa nakuua."

Nikafungua mdomo. "Bomba," nikasema. "Bomba, bomba."

Tangu siku ile hakugusa sufuria. Mdogo wake Ngalula alitoka Kakanda kuja kutupikia. Lengalenga, ndiyo mchicha, ya kuchemshwa kwa maji tu, samaki vile vile, bila chumvi. Ngalula, uko pale, usicheke, ilikuwa mbaya! Mama Ilunga aliniogesha, alinibadilisha nguo, lakini kunilisha, hapana. Aliketi nje, mgongo kwetu. Na wale wale waliomfundisha ubongo walianza kunong'ona kwamba amemlisha bwana wake ugonjwa. Alisikia. Minye pia nilisikia. Mkono uliokufa haukuniuma kama mgongo ule.

Nilitaka maneno mawili tu: si weye. Muuguzi mmoja wa hospitali alikuwa amenionyesha namna ya kutazama midomo yake na kuiga. Nikajifungia bafuni na kioo cha kunyolea, kila asubuhi. "Weye" ilianza kutoka, lakini "si" ilikataa kabisa. Ulimi ulirudi kwenye bomba. Nililia mle ndani, nikanawa uso, nikaanza tena. Siku nyingi sana. Mwishowe nikaona kwamba midomo yangu iliyozoea bomba inaweza kufanya kitu kilicho jirani: pa, pi. Nikashika njia hiyo.

Mchana mmoja Mama Ilunga alikuwa nje anachagua maharage. Nilichukua sufuria kwa mkono wa kushoto, nikaburuta mguu mpaka kwake, nikaiweka mapajani mwake juu ya maharage yote.

"Pi... pika," nikasema. "Weye."

Aliishika sufuria kwa mikono miwili. "Nipike nini, Baba Ilunga?"

Nikatafuta, nikatafuta. "Bomba," nikasema.

Tulicheka, jamani! Tulicheka na kulia mpaka Ngalula akatoka mbio akidhani nimekufa.

Leo anapika yeye. Mafuta anayapima kwa kijiko, na mimi silalamiki. Sigara nimeacha, dawa ya tension nakunywa kila siku, natembea na fimbo mpaka kanisani. Namshukuru Mungu, daktari, muuguzi, na Ngalula pamoja na samaki wake. Ninyi, mkono ukifa ganzi hata kidogo tu, au mdomo ukipinda, msiseme ni baridi. Kimbieni hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa wako, kabla hujamlisha dawa ya majirani, umuulize daktari.

Maneno mengi yamekwisha kurudi. Yale mawili pia yalirudi zamani kidogo, na ningeweza kuyasema nyumbani, sisi wawili tu. Nimeyaweka mpaka leo, kwa sababu waliomsema kwa kunong'ona wako hapa, wamekaa, na nawapenda.

Mama Ilunga, usiinamishe kichwa. Nitazame.

Si weye. Haikuwa weye hata siku moja.