Mashine Isiyopata Moto

Saa nane mchana, jua la Dodoma likiwa halina huruma hata chembe, Sostenes Ndahani anakokota mkokoteni kutoka Miyuji kwenda Majengo. Juu ya mkokoteni kuna mzigo uliofunikwa blanketi la kijivu na kufungwa kamba za katani.

"Mzee, unampeleka mgonjwa hospitali?" kijana mmoja anamtania kutoka kibarazani.

"Mgonjwa huyu ndiye anayenilisha," anajibu bila kusimama.

Chini ya blanketi kuna amplifaya ya gitaa, ya zamani kweli, nzito kama gunia la mahindi. Ndani yake mna vioo vinavyofanana na balbu ndogo, ambavyo mafundi huviita valvu. Ukiiwasha inabidi usubiri vioo vile viwake vizuri. Halafu inatoa ile sauti nene, yenye mtetemo kidogo, ambayo waliokuwa vijana miaka ya sabini wakiikumbuka hunyamaza kwanza.

Leo Jumapili, kwa mara ya kwanza, amplifaya hiyo inakwenda kazini kama mchezaji wa akiba. Kwenye ukumbi wa baa moja ya Majengo kuna kisanduku kipya cha dijitali, ukubwa wa Biblia ya mimbarani, kinachomsubiri mzee huyu wa miaka hamsini na mbili. Gitaa linachomekwa humo, kisanduku kinachomekwa kwenye spika za ukumbi, na kazi imekwisha. Baada ya onyesho la leo anatakiwa kusema anachagua kipi.

Kisanduku kimeletwa kutoka Dar es Salaam na Wambura, mwenye baa, ambaye sasa ndiye mwenye bendi ya Makutano Jazz pia, ambamo Sostenes hupiga gitaa. Mfanyabiashara aliyemwazima amempa mpaka kesho Jumatatu, akilipie au akirudishe.

"Mimi simlazimishi kaka Sostenes," anasema Wambura huku akipanga viti. "Lakini huu ni mwaka tisini na tisa. Bunge la bajeti limeanza, mji umejaa wageni, na wageni wanataka muziki mfululizo. Siyo tunafika katikati, mtu anasema ngojeni kwanza, mashine inahema."

Usidhani Sostenes ni mtu wa kukataa vipya. Ijumaa kwenye mazoezi alikaa na kisanduku hicho mpaka wenzake wakachoka kumsubiri. Alikibonyeza hapa, kikatoa mwangwi wa kanisani. Akabonyeza pale, kikalia kama magitaa mawili.

"Ni kizuri, nisiwe mwongo," anasema. "Hakivumi, hakikoromi. Na mgongo wangu unakipenda kuliko hata mimi."

Mgongo ndio hoja yake kubwa. Hoja ya pili ni valvu, ambazo siku hizi hazipatikani. Fundi wake wa Kizota alimwambia waziwazi kwamba hizi zilizomo zikifa, waagane na mashine kwa amani.

Kuagana nayo si jambo dogo, maana amplifaya hiyo ndiyo kiinua mgongo chake.

Mwaka 1974 aliajiriwa na kampuni moja ya umma ya usafirishaji, enzi zile ambazo kampuni ikiwa haina bendi ilionekana haijakamilika. "Kwenye karatasi nilikuwa karani wa stoo," anasema akicheka. "Stoo yenyewe hata mlango wake sikuujua. Kazi yangu ilikuwa solo. Nyumba ya kampuni, sare ya kampuni, gitaa la kampuni. Tulikwenda Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, na kila mahali tulipokelewa kwa ngoma mpaka tunaona haya."

Mwaka 1993 kampuni ikauzwa. Mwenye mali mpya alihitaji malori, hakuhitaji wapiga magitaa. Wanabendi waliambiwa wachague: kusubiri mafao yao au kuchukua chombo na kwenda nacho. Sostenes alichukua gitaa na amplifaya.

"Nilifika nayo nyumbani, mama yangu akauliza, miaka yote hiyo wamekupa sanduku?"

Sanduku hilo limemlisha. Leo analipwa shilingi elfu tatu kwa onyesho, na kwa wiki maonyesho ni matatu. Si utajiri, lakini watoto hawalali njaa. Tena, kwa maneno yake mwenyewe, ndilo lililompa mke.

Ilikuwa mwaka 1994, hapa hapa Majengo. Katikati ya wimbo amplifaya ilipata moto, ikanyamaza. Watu wakaanza kupiga miluzi. Meshack, mpiga tumba, hakuacha kupiga, maana hakujua afanye nini kingine. Ndipo mhudumu mmoja, binti wa Mvumi aitwaye Tereza, akaweka sinia yake ya chupa juu ya meza ya watu, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti na kuimba wimbo wa Kigogo ambao akina mama wa kwao huuimba wakipiga ngoma ya muheme.

"Ukumbi ulisimama," anakumbuka Sostenes. "Mabega yakaanza kutikisika. Watu wazima, wameacha bia zao mezani! Mashine ilipopoa, nikaona aibu kuiwasha."

Tangu siku ile, kila onyesho lina sehemu inayoitwa Kupoza. Sostenes akiigusa amplifaya na kuona imepata moto, hutangaza hivyo, na magitaa yote hunyamaza. Zinabaki tumba na sauti ya Tereza, ambaye sasa ni mke wake na mama wa watoto wao watatu. Jumapili alasiri wanakuja hata watu wasiokunywa, wakitoka kanisani, kwa ajili ya Kupoza tu.

Ndiyo maana asubuhi ya leo, nyumbani kwao Miyuji, chai ilipoa vikombeni.

"Baba Evelina," Tereza alimwuliza hatimaye, "hicho kisanduku chenu si hakipati moto?"

"Hakipati."

"Sasa mimi nitaimba saa ngapi?"

Sostenes alijibu kwamba wataona. Anakiri kuwa lilikuwa jibu la ovyo. Wambura alikwisha kumweleza: mashine isiyohitaji kupoa haina sababu ya kupumzishwa, na Tereza anaweza kurudi kuitikia nyuma ya waimbaji.

Saa kumi onyesho linaanza. Kisanduku kinafanya kazi yake kwa uaminifu wote. Sauti ni safi, nyimbo zinafuatana bila pengo, wageni wenye tai wanacheza, na Wambura anatabasamu mlangoni. Mwandishi wa makala haya, ambaye moyo wake ulikuwa upande wa blanketi la kijivu tangu mwanzo, analazimika kusema kweli: ni muziki mzuri.

Lakini kadiri jua linavyoshuka, jambo la ajabu linatokea. Akina mama wanaanza kusogea mbele, wanafunga kanga viunoni, wanasimama. Wimbo unakwisha, unaingia mwingine. Wanaendelea kusimama. Tereza yupo pembeni ya jukwaa na kipaza sauti chake, anaangalia sakafu.

Anjelina, muuza uwele wa soko la Majengo, anashindwa kuvumilia. Anapanda ngazi za jukwaa na kumwinamia Sostenes sikioni, ingawa kwa sauti yake ya sokoni tunamsikia wote.

"Baba, mashine haijapata moto tu?"

"Hii haipati moto, mama."

Anjelina anakitazama kisanduku. Anawatazama wenzake, ambao wamesubiri saa nzima muziki ukilia.

"Kwa hiyo leo hatuchezi?"

Sostenes anapiga mapigo machache zaidi, vidole vikienda vyenyewe. Kisha anaacha. Anainama, anaweka kiganja juu ya kisanduku kama anayepima homa ya mtoto, anauondoa mkono haraka na kuupuliza kama aliyeungua.

"Jamani," anasema kwenye kipaza sauti, "imepata moto!"

Ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Meshack anacheka mpaka nusura akosee pigo. Tereza anamtazama mumewe, anainua kipaza sauti.

"Mbukwenyi!" anawasalimu kwa Kigogo, nao wanamwitikia wote, hata wale ambao si lugha yao. Mabega yanaanza kutikisika. Mgeni mmoja anavua tai na kuifunga kiunoni.

Wambura anapenya mpaka jukwaani, anakigusa kisanduku.

"Kaka Sostenes, mbona cha baridi hiki?"

"Bosi, geuka nyuma uwaone watu."

Wambura anageuka. Anaweka mikono kiunoni. Mwisho anasema tu kwamba mwakani atatafuta cha bei nafuu zaidi, kama chenyewe ni cha kuzimwa katikati ya onyesho, na anarudi mlangoni akitingisha kichwa kwa mdundo wa tumba.

Jioni Sostenes anaikokota amplifaya kurudi Miyuji ikiwa haikuwashwa hata mara moja, Tereza akisukuma kwa nyuma. Amekwisha kuchagua: kesho kisanduku kitalipiwa, na hii ndiyo safari ya mwisho ya mkokoteni. Anaposema hivyo analipapasa blanketi, na macho yake hayafichi kitu. Amplifaya itakaa sebuleni. Ana mpango wa kuiwashia wanawe siku za sikukuu, wakae kimya, wasikie ikiwaka polepole, wajue baba yao alianzia wapi.

Na huko Majengo je?

"Huko tutapiga na hicho kipya," anasema. Anamgeukia mkewe. "Na kila Jumapili, jua likianza kushuka, kitapata moto."