Mkono wa Kushoto Mfukoni

Mume wangu ni fundi wa runinga za zamani, na mtaani wanamwita Mfukoni. Akifungua mashine, mkono wa kushoto huutia mfukoni, kwa sababu umeme ukiingilia mkono mmoja na kutokea mwingine hupitia moyoni. Wasiojua husema ana maringo. Kazi yangu mimi ni kukaa nyuma yake na mpini mkavu wa ufagio, ili akinaswa nimpige aachie. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, sijapata nafasi hata mara moja.

Juzi tuliitwa na mjane wa mwenye ukumbi wa michezo ya video. Mashine yao ya kwanza, sanduku refu kunizidi, ilikuwa ikipiga muziki wake kama kawaida, lakini kioo giza totoro.

"Fundi, nakuomba kitu kimoja," alisema. "Usiizime. Marehemu ndiye wa kwanza kwenye orodha ya washindi. Ikizimwa, inasahau kila kitu. Tangu afariki, mwaka wa nne huu, haijazimwa. Hata umeme ukikatika, nimeiwekea betri."

"Ondoa shaka, shemeji. Mchezo una waya wake, kioo kina waya wake. Nitachomoa wa kioo tu."

Akafungua mgongo wa sanduku, mkono mfukoni, akasogeza mita ya kupimia umeme huku na huku. Umeme mdogo ulikuwa unafika kwenye transfoma. Ule mkubwa, wa volti elfu ishirini, haukutoka. Akamulika chini yake. Mguu mmoja wa transfoma ulikuwa umeachia, risasi iliyouchomelea imepasuka duara jembamba kama unywele.

"Nimemkamata mchawi," akasema, kafurahi mwenyewe. Kisha mkono wa kulia ukafanya ulichofanya miaka yote kabla ya kuchomelea: ukapanda juu ya sanduku, ukazima swichi kubwa.

Muziki ukakatika.

Mazoea yana taabu. Nilikuwa na mpini mkononi, na kwa mara ya kwanza nilitamani sana kuutumia.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "nimekukosea."

Mjane aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku. "Maji yamemwagika, fundi," akasema. "Malizia kazi."

Mume wangu akatoa umeme uliobaki kwenye kioo kwa bisibisi yenye waya, ukalia pa! Akachomelea, akawasha. Vinyweleo vya mkono wangu vikasimama, picha ikaja safi, rangi zote. Orodha ya washindi ilikuwa na nafasi kumi, zote sifuri. Nilimwonea huruma yule mama hadi nikaona aibu kuwa mke wa fundi.

Mjane akavuta kiti. Miaka yote aliuza tiketi tu, hakuwahi kucheza. Alicheza nusu dakika, akafa mara tatu, akapata pointi tisini. Mashine ikampongeza kwa kuwa wa kwanza, ikamwomba herufi tatu za jina.

Akazichagua polepole, moja moja.

"Zako?" nikamuuliza.

"Zake. Yule hakuwahi kukubali kuwa wa pili."

Mume wangu akatafuta utepe mweusi kwenye mkoba, akaizungushia ile swichi mara saba, kwa mikono yote miwili.