Koti la Baba Mkwe Kwenye Kivuko

Anayetaka kucheka aanze sasa: nimewahi kumbeba mama mkwe wangu mgongoni, mchana kweupe, mbele ya abiria wa kivuko kizima, na kwa watu wa kwetu mkwe hata mkono humpi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, minofu ya sangara inapanda ndege kabla yetu, nami ndiyo kwanza nimerudi Kirumba kutoka machimboni (niliaga wiki mbili, nikakaa msimu mzima, ndivyo nilivyo). Mke wangu Kulwa hakuniuliza nimeleta nini. Alisema tu, "Nenda Sengerema ukamlete mama. Anatia chumvi kwenye chai, anaita kuku majina ya shangazi zake. Daktari amwone kabla hajanisahau na mimi."

Nikaenda. Asubuhi ya kurudi mvua ikanyesha, nikachukua koti la kijivu lililoning'inia nyuma ya mlango, lenye kiraka kiwikoni, la marehemu baba mkwe. Koti tu, nikajiambia. Tulipoamkiana niliangalia chini kama heshima inavyotaka, kwa hiyo niliona miguu ya mama kuliko uso wake: imevimba, kandambili zinambana (nami, mjinga, nikadhani amenenepa, mavuno yalikuwa mazuri). Njiani nilitangulia, yeye akawa nyuma na jirani aliyemsindikiza, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Nikadhani ananikwepa, kama inavyompasa mkwe.

Jirani akaishia Busisi, tunapopandia kivuko. Kivuko kilipoondoka nikajificha upande wa pili wa lori la ng'ombe, nimwachie mama nafasi. Mara nikasikia, "Baba Kulwa!"

Nikageuka kumtafuta huyo Baba Kulwa. Nyuma yangu kulikuwa na ziwa tu.

"Usinipe mgongo! Umekuwa wapi siku zote hizi? Watoto wanakuulizia!"

"Mama, ni mimi, mkweo."

"Mkwe gani? Kiraka hicho nilishona mwenyewe!"

Nikalizunguka lori, akanifuata, nikazunguka tena, na abiria wakaacha kutazama maji. "Mzee, usimkimbie mama watoto!" "Omba msamaha yaishe!" Badala ya kuvua koti nikajikuta najibu, "Nilikuwa machimboni." (Sijui kwa nini. Nadhani hata mimi sikujua tena anayesemwa ni nani, maana maneno yaleyale Kulwa alikuwa nayo moyoni.)

Ghafla mama akashika kifua, akakaa chini, midomo imebadilika rangi. Kicheko kikakatika. Kigongo, ng'ambo tunakoshukia, ilikuwa mbele yetu.

"Mbebe mkeo, unangoja nini?"

Ningewaeleza saa ngapi? Nikainama, wakampandisha, nikashuka naye mbio kutafuta gari, na moyo wake nikausikia mgongoni kwangu, unaruka, unatulia, unaruka, kama samaki aliyetupwa mtumbwini.

Hospitalini Mwanza daktari alimpima, akasikiliza kifua, akabonyeza ile miguu. "Mlisema ni uzee?"

"Tulisema kichwa."

"Moyo umechoka, haupigi kwa mpangilio, na kichwa kinategemea damu hiyohiyo. Tutautibu moyo. Kichwa huenda kikatulia, lakini siahidi kwamba yote yatarudi."

Alikaa kwetu Kirumba akinywa dawa. Miguu ikapungua, chai ikaacha kuwa na chumvi. Asubuhi moja nikaingia uani bila kubisha, mama akaniona, akajifunika kanga haraka na kukimbilia nyuma ya mlango. Jamani, sijawahi kufurahi hivyo kwa kukimbiwa! Kulwa alilia hapohapo, mwiko mkononi.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Mkwe, yule mwanamume aliyenibeba pale kivukoni alikuwa nani?"

Kulwa akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Abiria tu, mama."

"Mwambie ahsante. Na arudishe koti la watu."

Nililitundika nyuma ya mlango wa chumba chake siku hiyohiyo. Tangu hapo sivai nguo ya marehemu, hata mvua ya mawe inyeshe, na nikimsalimia mama kupitia mlangoni simwulizi tena habari za nyumbani tu, namwuliza, "Shikamoo mama, pumzi inasemaje?"