Masikio Mazima

Kazi yangu ni kupima masikio, na inataka mtu mtulivu. Mimi utulivu sikujaaliwa. Asubuhi ile nilikuwa nimeshainuka kitini na kukaa tena bila sababu kabla hata mgonjwa hajaingia. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Madungu, mama wa makamo, na aliletwa na kaka yake. Hakuwa akisikia tangu mwezi uliopita.

Kaka mtu hakungoja kuulizwa. "Mumewe yuko Uarabuni. Kamtumia talaka kwa sauti, kwenye simu. Kaisikiliza, kaiweka simu chini, na tokea siku ile akisemeshwa hajibu. Mie nasema kajitia uziwi tu, dokta. Hataki kuambiwa neno."

Nilimwambia mimi si daktari, napima tu. Hakunisikia, na yeye hakuja kupimwa.

Nikamwingiza Mwalimu katika chumba cha kupimia, nikamvisha hedifoni, nikamwandikia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata uwe mdogo vipi. Hakubonyeza mpaka nilipopandisha sauti juu sana. Niliporudia, akabonyeza kwenye kiwango kingine. Niliporudia tena, kingine kabisa. Uziwi wa sikio hauhamihami namna ile. Nikaleta mashine nyingine, ambayo haimuulizi mtu kitu: inalia kidogo ndani ya sikio, kisha inasikiliza sikio lenyewe linavyoitika. Yake yaliitika yote mawili.

Bado nilitaka hakika. Nikamwandikia asome chochote kwa sauti, naye akasoma sura kwa ghibu, taratibu, macho kayafumba. Huku anasoma, nikamtilia masikioni, kwa hedifoni, mvumo mkubwa kama wa upepo. Kiziwi hasa angeendelea vilevile. Mwalimu akapaza sauti, kama anayesomesha huku mvua inapiga bati. Nilipouondoa mvumo, sauti yake ikashuka. Alipomaliza alinitazama kwa upole, na nikajua hana habari kwamba sauti yake ilipanda.

Hapo nikakosa raha kabisa. Hali hii tulifundishwa: mtu hupata mshituko, sikio likabaki zima, kusikia kukakatika, na mwenyewe hajui kumetokea nini. Mara nyingi kusikia hurudi, akiachwa apumue. Lakini barazani kwetu kuna maneno mawili tu, kiziwi na mwongo, na mwongo hakabidhiwi watoto awasomeshe Kurani.

Kaka yake akafungua mlango. "Masikio mazima?"

"Mazima, ami, lakini..."

"Basi." Akatoa mkobani msahafu uliofungwa kitambaa cheupe, akauweka juu ya meza yangu. "Wazazi wa watoto washachoka. Naape kama hasikii, yaishe maneno. Akikataa, chuo kitapata mwalimu mwengine."

Nikamwambia masikio mazima hayana maana kwamba anasikia. Akacheka kidogo, akatoka kukaa kwenye benchi. Nilijichukia kwa lile neno "mazima" lililonitoka haraka vile.

Mwalimu alikuwa ameuona msahafu. Hakuhitaji kuelezwa. Nikamwandikia yote, bila kumficha: mashine zimeonyesha masikio yako yanapokea sauti, nawe husikii, na yote mawili ni kweli. Mkono wangu ulikuwa na haraka, hati ikawa mbaya. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akarudi juu akaisoma tena.

"Mwanangu," akasema, "mashine yako yasema nasikia. Mie sisikii. Nkiapa, ntakuwa nimeapa uongo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa hasira. Swali lile sikulitegemea. Kumbe mwezi mzima kila mtu alimwona mwongo, mpaka naye hakujua tena.

Nikaandika: Hapana. Husikii.

Akanirudishia karatasi.

"Na weye, waweza kuapia hili?"

Niliogopa, sisemi uongo. Sijawahi kuapa kwa msahafu maisha yangu. Kwetu mtu hukiogopa kiapo hata akiwa na haki. Na nani angeniamini, mimi na vyeti vyangu, kuhusu jambo nisiloweza kumwonyesha mtu? Nikamtazama Mwalimu. Macho yake yalikuwa kwenye msahafu.

Nikainuka, nikampita kaka yake pale kwenye benchi, nikaenda bombani kutia udhu, ili niushike ule msahafu.