Uzi wa Kumpima Mwende

Nakumbuka Agosti moja kule Matinyani, miaka ya sabini, mama yangu aliponikanya nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto watatu. Kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, umenilalamikia kwamba watoto wako wakifika kwa nyanya yao wanakaa kama wageni, wanaomba maji kwa adabu na kuuliza mtarudi lini. Umemlaumu nyanya, ukalaumu na umbali. Wacha nikwambie nilivyokaribia kumkosesha binti yangu nyanya yake, na umbali haukuwa na kosa lolote.

Tulikuwa tunakaa Kibwezi. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na kwetu Matinyani tulienda mara moja kwa mwaka, mabasi mawili na vumbi la kutosha. Mwende, kifunguamimba wangu, alikuwa na miaka saba. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo barua hakuzitaka. Alichotaka ni uzi. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akileta ndengu kutoka kwetu, na kila akija alinipa ujumbe ule ule: mpime Mwende kutoka utosini hadi kiunoni, ukate uzi hapo, halafu mtoto mwenyewe afunge fundo kwenye ncha. Mama alikuwa anamsukia kiondo kidogo cha kuchumia mbaazi. Mkanda wa kiondo huwekwa kichwani, mzigo ukalala mgongoni, kwa hiyo lazima umtoshe mwenye kuubeba.

Sasa mimi, mwanamke niliyesoma hadi darasa la saba, nikaona huo ni ushamba. Kiondo ni kiondo. Mama wa ndengu akifika alikuwa na haraka ya basi, Mwende yuko shule, nami nina nguo kwenye beseni. Nikakata uzi kwa kukisia, nikafunga fundo, nikampa. Nilifanya hivyo mara tatu mwaka huo, na kila mara nikaongeza kwamba Mwende anamsalimia nyanya yake sana. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari ya uzi wala salamu.

Agosti ikafika, mbaazi zimekauka shambani. Asubuhi ya pili Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, akatoa viondo vitatu. Viwili vilikuwa vya watoto wa kaka yangu waliokaa hapo nyumbani, na cha tatu cha Mwende, kizuri kuliko vyote, kina mistari ya zambarau. Wale wawili wakavaa, vikakaa sawa. Mwende akavaa, kiondo kikaning'inia hadi nyuma ya magoti, na alipopiga hatua kikampiga miguu. Binamu zake wakacheka, kicheko cha watoto tu, hakina ubaya. Lakini Mwende alikivua polepole akakiweka chini.

"Hiki ni cha mtu mwingine," akasema. "Susu hanijui."

Akaenda kukaa juu ya sanduku letu la nguo, akaniuliza basi la kurudi linapita saa ngapi. Hapo nikaogopa. Mtoto akiondoka na neno lile kifuani, angerudi akiwa na miaka kumi, kumi na tano, na bado angeketi juu ya sanduku.

Nikajikausha, nikaanza kusema ati joto la Kibwezi linachelewesha watoto kukua. Mama akanivuta hadi jikoni, akafungua kitambaa, akatoa nyuzi zangu tatu. Hakupaza sauti. Mama yangu akikasirika alizungumza polepole.

"Fundo hili nilikufundisha mimi, ukiwa mdogo kuliko Mwende," akasema. "La kwanza nililitambua, nikasema labda mtoto anaumwa. La pili, nikasema labda ni shule. Nilidhani angalau ulimpima. Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikimsukia mtu uliyemtunga wewe."

"Nisamehe, mama."

"Mimi unaniomba msamaha wa nini? Mimi ninamjua aliyenidanganya. Yule mtoto anadhani kosa ni langu. Nenda umwambie."

Mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Nilitamani anipige kofi yaishe. Nikapiga magoti mbele ya sanduku, nikamwambia mtoto yote: kwamba Susu aliomba kipimo chake mara tatu, na mimi nikatuma cha kukisia.

"Aliniomba mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo, wewe. Akashuka, akanipita, akaenda kusimama mbele ya nyanya yake wima kama askari, mikono kando, apimwe.

Mama alifumua mkanda wote. Kuusuka upya kulichukua siku nne, na Mwende hakubanduka hapo. Alishika ncha, akauliza maswali yasiyoisha, akafundishwa kusokota mkonge kwenye paja mpaka paja likawa jekundu. Mbaazi nilichuma mimi, na wale binamu wakanicheka mimi. Tuliporudi Kibwezi, mama wa ndengu akifika aliniuliza Mwende yuko wapi. Akiwa shule, alimngoja.

Sasa na mimi nina wajukuu Mombasa, na ninawapigia simu kutoka posta, kwa hiyo ninachokwambia ninakijua kwa pande zote mbili. Nyanya aliye mbali hapendwi kwa salamu za jumla. Anapendwa kwa kumuuliza kila mtoto jambo lake: jino limeota, yule paka alizaa? Na wewe uliye katikati, acha kumjibia mtoto. Mzee akiomba kitu kidogo, hata ukikiona cha kipuuzi, mpe mtoto akifanye kwa mkono wake, kiende kibovu kikiwa chake. Na ukikosea, usimwache mzee abebe lawama yako. Mwambie mtoto wazi. Mwende hakunipunguzia heshima hata kidogo baada ya siku ile.

Mungu akupe wazazi wanaowauliza watoto wako kwa majina, na akupe unyenyekevu wa kuwapisha. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayengoja, akuletee mjukuu atakayeshuka kwenye basi akikukimbilia kabla mama yake hajamwambia akusalimie.